Nairobi hadi New York: Jipigie Mwenyewe Hesabu ya Safari

Saa mbili zilizoandikwa kwenye tiketi, ya kuondoka na ya kufika, ni za miji miwili tofauti. Ukitoa moja kwa nyingine, jibu si muda wa safari. Ni vizuri kuhesabu mwenyewe, hasa ukimsafirisha mzazi au mtoto.

Hatua ya 1: Pima umbali. Tumia tufe la dunia, si ramani ya ukutani. Vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York, ukaze. Utapanda kaskazini-magharibi, upite Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, na nusu ya njia ikukute Moroko, kabla ya Atlantiki. Kwenye tufe la kipenyo cha sentimita 30, uzi huo una kama sentimita 28, na ikweta 94. Gawanya 28 kwa 94, zidisha kwa 40,000, yaani mzingo wa dunia kwa kilomita. Unapata kama 11,900. Umbali wenyewe ni karibu 11,840. Uzi haukukosea sana. Ukipitia Doha, unazidi 14,000, mbali na muda wa kusubiri.

Hatua ya 2: Tafuta muda wa hewani. Ndege kubwa ikishatulia juu huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya umbali kwa kasi hiyo: ni saa 13 na kidogo, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Kisha kuna upepo: juu ya Atlantiki ya kaskazini huvuma zaidi kutoka magharibi. Ndiyo maana safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Hatua ya 3: Linganisha saa za miji. Nairobi iko mbele kwa saa 8; kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, ni 7. Tuseme ni Januari, tiketi inasema unaondoka 23:55 na kufika 06:55 kesho yake. Tofauti ni saa 7. Ongeza 8: saa 15. Wakati wa kurudi, unatoa badala ya kuongeza.

Hatua ya 4: Kagua tarehe. Hapa ndipo watu huachwa na ndege. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, hiyo ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne. Anayefika uwanjani Jumanne usiku anakuta ndege ilishaondoka tangu usiku uliotangulia. Mwandikie mama kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: TUNATOKA NYUMBANI JUMATATU JIONI. Anayempokea New York naye apewe tarehe ya kule, si ya huku.

Kama msafiri anatumia dawa kwa saa maalumu, mpelekee daktari wake hesabu hii kabla ya safari, ampangie dozi kwa idadi ya saa tangu ile ya mwisho. Dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi.