Somo la Wiki: Mnyanya Unajikingaje?



Leo tunasoma ngeli ya M-/MI- kwa kutumia mnyanya. Mnyanya ni mmea, nyanya ni tunda lake. (Kwa wengine wetu nyanya ni bibi pia!)

Mdudu akikuuma, utampiga au utakimbia. Mnyanya hauna mikono wala miguu. Je, unakaa tu uliwe?

Hapana. Profesa Clarence Ryan, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, alichunguza jambo hili. Mwaka 1972, yeye na mwenzake walieleza kwamba mdudu akitafuna jani la mnyanya, mmea hutengeneza protini inayozuia vimeng'enya vya tumboni. Vimeng'enya ndivyo vinavyovunjavunja chakula, hata tumboni mwako. Vikizuiwa, mdudu anakula lakini chakula hakimfai, na hakui vizuri.

La ajabu ni kwamba hata majani ambayo hayakuguswa yalitengeneza kinga hiyo. Nani aliyapa habari? Mwaka 1991 maabara ya Ryan ilitangaza kwamba imepata homoni ndogo ya mnyanya, yenye asidi amino 18 tu, inayoamsha kinga hiyo. Waliiita sistemini. Mimi ni nesi, na mwili wetu nao hufanya hivyo: kidonda cha mguu kinaweza kuleta homa mwili mzima.

Tazama sarufi
Mnyanya umeumia. – Minyanya imeumia.
Mmea unajikinga. – Mimea inajikinga.
Lakini: Mdudu anakula. – Wadudu wanakula.

Maswali
1. Kimeng'enya hufanya kazi gani?
2. Kwa nini mdudu hakui vizuri?
3. Andika kwa wingi: Mnyanya mrefu umeliwa na mdudu.

Kazi ya nyumbani
Mpigie simu bibi au babu. Mweleze habari za mnyanya kwa Kiswahili, kisha muulize shambani kwao walizuiaje wadudu. Andika sentensi tatu, uje nazo Jumamosi.

Wazazi, msiwatafsirie upesi. Wapeni nafasi walitafute neno. Sayansi wanaisoma shuleni kwa lugha nyingine. Tusipowapa maneno yake, Kiswahili kwao kitabaki cha "njoo ule" na "vaa viatu" tu.

Mwalimu wenu