MIZIZI NA VIJIDUDU VYA UDONGO
Somo kutoka magunia ya Kibera na Kawangware

Wakulima wengi wa skimu hupima udongo kwa rangi yake. Rangi haitoshi. Ndani ya udongo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kijiko kimoja tu huwa na mamilioni mengi. Vingine huozesha majani na samadi viwe chakula cha mimea, na vingine huleta magonjwa. Mwezi huu tutajifunza jinsi mizizi ya mazao yako inavyochagua ni vijidudu gani viongezeke.

Tutazame Nairobi, kwa watu wasio na ekari. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware wako wanaolima mboga ndani ya magunia. Kilimo hicho kilienea sana Kibera baada ya ghasia za uchaguzi za mwanzo wa 2008, shirika la Ufaransa liitwalo Solidarités lilipokihimiza. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati huwekwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Gunia ni shamba lenye mipaka. Udongo ni kidogo na mizizi imesongamana, basi kosa ambalo katika ekari zako hujificha miaka mingi, humo laweza kuonekana upesi.

Mizizi hutoa chakula

Mmea hutengeneza sukari katika majani kwa nguvu ya jua. Sehemu ya sukari hiyo hushuka mizizini na kutoka nje, pamoja na asidi na vitu vingine. Vijidudu huifuata. Kwa sababu hiyo udongo ulioshikamana na mzizi huwa na vijidudu vingi kuliko udongo ulio mbali kidogo tu. Mtaalamu wa Ujerumani, Lorenz Hiltner, alilieleza jambo hili mwaka 1904. Kila ukoo wa mimea hutoa chakula cha namna yake, na kila ukoo huwaita wageni wake.

Kunde na maharagwe

Mizizi ya ukoo huu huwaita bakteria waitwao rizobia. Wakiingia mzizini hufanya vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Kunde zinapoanza maua, chimbua mche mmoja kwa uangalifu, upasue kinundu. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi.

Ikiwa shamba halina rizobia wanaofaa, mbegu zaweza kupakwa rizobia walioandaliwa. Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, si mbali na Kawangware, ndicho kilichoanzisha rizobia wa kupaka mbegu waitwao Biofix. Paka mbegu kivulini na uzipande siku hiyo hiyo. Jua kali huwaua rizobia, na mbolea ya chumvichumvi ikigusa mbegu huwadhuru.

Sukuma wiki na kabichi

Mahindi, kunde na vitunguu hushirikiana na kuvu wenye nyuzi nyembamba, ambao huleta fosforasi kutoka mahali mizizi isipofika. Ukoo wa kabichi, ambao sukuma wiki imo, hauna ushirika huo. Spinachi nayo ni hivyo hivyo. Mwenye kupanda mboga hizi peke yake msimu baada ya msimu huwanyima kuvu hao chakula, nao hupungua. Mahindi yakifuata yaweza kukosa msaada wao, na mkulima akalazimika kununua mbolea zaidi.

Nyanya na jamaa zake

Mizizi huwaita adui pia. Minyoo midogo mno huingia katika mizizi ya nyanya na kuivimbisha. Usidanganyike ukadhani ni vinundu vyema. Kinundu cha kunde hukaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa kidole. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, haubanduki. Tena mnyauko wa bakteria hushambulia nyanya, viazi, biringanya na managu, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja. Ukizifuatanisha, unawalisha adui kila msimu.

Mambo ya kufanya

1. Badilisha koo za mazao. Kwa mfano: kunde, kisha sukuma wiki, kisha mahindi, ndipo nyanya.
2. Usiache shamba wazi muda mrefu. Mizizi iliyo hai hulisha vijidudu.
3. Tia samadi iliyooza vizuri au mboji.
4. Ng'oa mizizi iliyovimba, uichome. Usiitie katika mboji, wala usitumie tena udongo wake kwa nyanya.

Jaribio

Gawa tuta moja sehemu mbili zilizo sawa. Panda kunde upande mmoja na sukuma wiki upande wa pili. Msimu ufuatao panda mahindi pande zote mbili, kwa mbegu ile ile, siku moja, na mbolea kiasi kile kile. Pima mavuno ya kila upande, uyaandike katika daftari, umwonyeshe Bwana Shamba. Hapo ndipo mtakapoamua pamoja kama fedha za msimu unaokuja ziende katika mbolea au katika mbegu za kunde.