Nani alibakwa? Sarufi ya Kiswahili na mwanaume aliyefanyiwa ukatili wa kingono

1. Swali

Tuanze na sentensi fupi: «Alibakwa njiani akitoka shambani.» Msomaji, umemwona nani? Wengi wetu tumemwona mwanamke. Lakini sentensi haikusema hivyo. Kiambishi a- cha ngeli ya kwanza kinamhusu mtu yeyote, awe mwanamke au mwanaume. Mwanamke huyo tumemleta sisi wenyewe.

Makala hii inataka kuonyesha jambo moja: sarufi ya Kiswahili inampa nafasi mwanaume aliyebakwa, ila mazoea ya usemi yanamnyima nafasi hiyo. Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa isimu, kwa sababu wengi wetu kesho tutakuwa wakalimani hospitalini, mahakamani na katika mashirika.

2. Hali ilivyo

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Kati ya watu wazima walioulizwa, asilimia 39,7 ya wanawake na asilimia 23,6 ya wanaume walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Wanawake ndio wengi zaidi, na kuwataja wanaume hakuwapunguzii haki yao. Lakini karibu mwanaume mmoja kati ya wanne si kitu cha kupita kimya.

Sheria imekwisha kuliona. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyobadilisha kanuni yetu ya adhabu, inamtambua pia mwanaume kama mtu anayeweza kubakwa. Na tarehe 8 Julai 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomhukumu Bosco Ntaganda kwa makosa yaliyotendwa Ituri, ubakaji wa wanaume ulikuwa ndani ya hukumu hiyo.

3. Kutenda na kutendwa

Kwa nini basi sikio letu bado linasikia mwanamke tu? Tutazame kitenzi tunachokijua tangu utoto: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Kauli ya kutenda amepewa mmoja, kauli ya kutendwa amepewa mwingine. Ukisema «huyu mwanaume ameolewa», watu watacheka, kwa maana umemvua uanaume wake. Mzaha huo unatuonyesha kwamba kiambishi -w-, ambacho katika sarufi hakina jinsia, katika mambo ya ndoa na mwili tumekifanya kuwa cha kike.

Hapo ndipo kitenzi «alibakwa» kinapomuumiza mwanaume mara ya pili. Akikitamka juu yake mwenyewe, anaogopa kwamba watu hawatasikia jeraha lake, watasikia kwamba si mwanaume tena. Mwaka 2009 wanahabari walieleza juu ya wanaume wa mashariki ya nchi yetu ambao majirani waliwaita mabibi wa msituni. Aliyetendewa vibaya ndiye aliyepewa jina jipya, wakati waliotenda walibaki na jina lao la wapiganaji. Tena tumemfundisha tangu mtoto: «Jikaze, mwanaume halii.» Atalia kwa lugha gani?

4. Maneno manne

Kunajisi: asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya kutia uchafu. Neno hili linamwachia uchafu yule aliyeumizwa.

Kulawiti: linataja aina ya tendo, lakini halisemi kama mtu alikubali au alilazimishwa. Nguvu iliyotumika inapotea.

Kutesa: hili ndilo wanaume wengi wanalichagua. «Walinitesa» linatunza heshima, na ni kweli. Lakini ni pana mno: fimbo ni mateso, njaa ni mateso, kufungwa kamba ni mateso.

Kubaka: linataja nguvu na linamwelekea mtenda. Ndilo lililo karibu zaidi na neno la sheria, ila ndilo gumu zaidi kulitamka.

5. Kazi ya mkalimani

Mwanaume akisema «walinitesa», na mkalimani akaandika mateso peke yake, muganga atatafuta mifupa iliyovunjika. Dawa za kuzuia virusi vya SIDA zinatakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Neno moja likibaki pana, saa hizo zinapita.

Hata hivyo, mkalimani hana ruhusa ya kugeuza «walinitesa» kuwa «walinibaka» kwa kukisia. Anatafsiri neno kama lilivyosemwa, kisha anamweleza muganga kwamba neno hilo lina maana nyingi na linahitaji swali lingine. Swali lenyewe lisianze na jinsia. «Kuna mwanamke aliyebakwa hapa?» linafunga mlango. Muganga anaweza kuuliza hivi, wakiwa faraghani:

«Papa, watu wengine waliopita njia ile, wanawake na wanaume, walifanyiwa mambo katika sehemu za siri za mwili bila kukubali. Je, na wewe lilikupata jambo kama hilo? Ukitaka kujibu, tunakusikiliza. Usipotaka, tutakutunza vilevile.»

Tuangalie swali hilo lilivyojengwa. «Papa» linamrudishia heshima ya mtu mzima. «Watu wengine» linamwambia kwamba hayuko peke yake. «Jambo lilikupata» linalifanya jambo kuwa kiima, kama tunavyosema ajali imempata mtu. Hakuna anayehukumiwa kwa kupatwa na ajali.

6. Hitimisho

Hatuhitaji kuunda neno jipya kwa ajili ya mwanaume aliyebakwa. Neno «manusura» lipo, halina jinsia, na linamtaja mtu aliyetoka mzima katika hatari. Kiambishi a- nacho kipo tangu zamani. Kinachobaki ni sisi tuzoee kusema «mwanaume huyu alibakwa» bila kicheko na bila kushusha sauti, ili yeye naye aweze kuisema sentensi hiyo akiwa bado mwanaume.