Dondoo Muhimu: Faili Inapokataa Kufunguka

Uko saiba huku Lambwe, umebofya fomu mara mbili, na kidhibiti cha faili (programu unayotumia kufungulia faili na folda) kinadai programu ya kuifungua haipatikani ilhali ipo. Huenda tatizo ni kigeu cha mazingira kilichotumika kwenye anwani ya programu hiyo: jina fupi kama %ProgramFiles%, ambalo Windows huligeuza kuwa anwani kamili ya folda. Kabla ya kumwita fundi kutoka Mbita au Homa Bay, jaribu haya:

• Pima jina. Fungua Command Prompt, andika: echo %ProgramFiles%. Ukirudishiwa jina lilelile na alama zake za asilimia, kigeu hakipo au umekosea herufi.

• Weka alama za kunukuu. "Program Files" ina nafasi katikati. Bila alama hizo, anwani inaweza kukatika hapo.

• Angalia biti. Kwenye Windows ya biti 64, kidhibiti cha biti 32 kikitumia %ProgramFiles% hupelekwa Program Files (x86). Kufikia folda ya biti 64, tumia %ProgramW6432%.

• Funga, fungua upya. Programu hupokea vigeu inapoanza. Ulichobadilisha baadaye huenda isikione.

• Unatumia flashi? Herufi yake leo ni E:, kesho ni F:. Kama kidhibiti chako ni Total Commander, tumia %COMMANDER_PATH%, kigeu kinachoifuata Total Commander popote ilipo.

• Bado? Andika anwani kamili kwa muda. Faili ikifunguka, kosa ni la kigeu. Isipofunguka, kagua programu yenyewe.

Usibadilishe kitu kabla ya kunakili mpangilio wa awali daftarini. Stima ikipotea katikati ya kazi, utajua pa kurudia.