Funzo Nililopata katika "Adili na Nduguze"

Muhula huu napenda kueleza habari za kitabu kidogo kinachomfaa kila mwenye ndugu. Jina lake ni Adili na Nduguze, nacho kilitungwa na marehemu Shaaban Robert, kikatolewa mwaka 1952. Mtungaji huyu alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam, akafariki mwaka 1962. Kitabu kina majini na maajabu mengi, lakini kiini chake ni watoto watatu wa baba mmoja.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Mfalme Rai alipata habari kuwa Adili, liwali wake mpenzi, huwapiga manyani wawili kila usiku. Alipoulizwa, Adili alieleza kwa uchungu kuwa wale walikuwa ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Aliwagawia mali yake walipofuja ya kwao, nao kwa wivu wakamtupa baharini. Huria, jini wa kike ambaye Adili alikuwa amemtendea wema zamani, alimwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awape adhabu kila usiku. Adili alitii, lakini moyo wake haukufurahi hata siku moja.

Sasa nieleze kwa nini kitabu hiki kilinichoma. Kwetu ni Kisarawe. Likizo iliyopita nilimkuta mdogo wangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, amechana daftari langu la Kemia na kufungia karanga za kuuza. Nilighadhibika mno. Moyoni nikampa jina la Mwivu, nikasema hapendi nisome. Siku tisa sikusema naye. Aliponisalimu, "Shikamoo dada," nilinyamaza. Asubuhi ya safari alibeba ndoo yangu mpaka kituoni, nami nikapanda basi bila kumuaga.

Nilipokuwa hapa Kibaha, mama alikuja siku ya wazazi. Katika mazungumzo akasema, "Nauli yako ya kurudi shuleni ilitoka kwenye karanga za mdogo wako. Daftari alidhani ni la mwaka jana, limekwisha kazi." Sikuweza kumjibu. Usiku ule taa za bweni zilipozimwa, nilimkumbuka Adili na fimbo yake.

Nimepata mafunzo matatu, nayo nayaandika hapa kwa faida ya wenzangu.

La kwanza, kunyamaza nako ni kipigo. Adili aliamriwa kuwapiga nduguze, naye akaumia kuwapiga. Mimi sikuamriwa na jini wala mtu, nami nilipiga siku tisa kwa hiari yangu.

La pili, jina si hukumu. Mtungaji amewapa watu wake majina yanayotangaza tabia zao, hata msomaji akadhani kuwa Hasidi atabaki hasidi daima. Lakini mwishoni ndugu wale wanasamehewa na kurudishiwa ubinadamu wao. Basi ikiwa Hasidi na Mwivu waliweza kurudi kuwa ndugu, mimi ni nani hata nimfunge mtoto wa mama yangu katika jina nililombandika mwenyewe, tena kwa kosa asilolikusudia?

La tatu ni juu ya haja ya moyo. Nikiwa mdogo nilidhani kuwa mtu akipata rafiki wa kijini, ataomba dhahabu na majumba. Adili alikuwa na rafiki wa namna hiyo, lakini kitu alichokosa ni ndugu zake wawili mezani pake.

Nimemwandikia mdogo wangu barua, nikaipeleka kwa mkono wa mama. Sikuandika maneno mengi. Nimemwomba radhi, na nimemwahidi madaftari yangu yote ya Kidato cha Tatu, ayasome kwanza, kisha ayafungie karanga. Jibu bado sijalipata, na sina haki ya kumharakisha.

Kitabu hiki hakihitaji siku nyingi kukimaliza. Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, mkikisoma jiulizeni swali hili: je, katika nyumba yenu, fimbo iko mkononi mwa nani?