SOMO: Lango kati ya Wi-Fi na Mtandao wa Simu
Mambo ya kujua kabla ya kuandika ombi la fedha



Kamati zinapopanga miradi ya mawasiliano, sentensi moja husikika mara kwa mara: "Tukifunga Wi-Fi, shida ya simu itakwisha." Somo hili linaeleza kwa nini sentensi hiyo ni kweli nusu tu, na nusu ya pili inapatikana wapi.

1. Shida yenyewe

Tuchukue mfano wa Ruaha Mbuyuni, bondeni kando ya Mto Ruaha Mkuu, kabla ya kupanda Kitonga kuelekea Ilula. Kampuni za simu hupenda kujenga minara karibu na barabara kuu, kwa kuwa ndiko waliko wateja wengi. Mawimbi ya simu huzuiwa na milima, na hudhoofika yakikutana na kuta nene za tofali na paa la bati. Kwa hiyo mtu anaweza kupata mtandao akiwa barabarani, akaukosa akiwa ndani ya jengo au katika mashamba ya vitunguu nyuma ya kilima. Fikirini muuguzi wa zahanati anayehitaji kupiga simu Hospitali ya Ilula usiku kuhusu mama mjamzito. Asipopata mtandao, inabidi atoke nje kuutafuta huku mgonjwa akibaki peke yake.

Wi-Fi inaweza kusaidia hapo. Vifaa vyake ni vya bei nafuu kuliko mnara, hutumia umeme kidogo wa jua, na antena mbili zinazoelekezana huweza kufika kilomita kadhaa endapo zinaonana bila kizuizi.

2. Kwa nini Wi-Fi peke yake haitoshi

Wi-Fi humfikisha mtu kwenye intaneti. Barua pepe na WhatsApp zitapita. Lakini simu ya kawaida na ujumbe mfupi hupitia kwenye moyo wa mtandao wa kampuni ya simu, yaani mitambo inayojua laini ni ya nani, ina salio gani na iko wapi. Mtu aliye kwenye Wi-Fi tu, moyo huo haumwoni. Akipigiwa kwa namba yake, mpigaji ataambiwa hapatikani.

3. Kazi ya lango

Msharika akihama kutoka Mbeya kuja Ruaha Mbuyuni huja na barua ya utambulisho. Mchungaji akitaka uhakika huuliza usharika alikotoka, ambako jina lake limo katika kitabu cha washarika. Lango la mtandao hufanya kazi inayofanana na hiyo:

(a) Simu ikishaunganishwa na Wi-Fi hulitafuta lango la kampuni yake kupitia intaneti.
(b) Lango huomba utambulisho. Ndani ya laini kuna namba ya siri, na daftari kuu la kampuni lina siri hiyo hiyo. Kampuni hutuma swali, laini hujibu, na siri yenyewe haitoki nje.
(c) Jibu likiwa sahihi, hujengwa njia iliyofungwa kati ya simu na lango. Hata mwenye kifaa cha Wi-Fi hawezi kusikiliza mazungumzo.
(d) Moyo wa mtandao humpokea mteja kana kwamba yuko chini ya mnara. Hupiga na kupigiwa kwa namba yake ileile.

Jambo hili si geni duniani. Orange ya Ufaransa ilianza huduma ya namna hii mwaka 2006, na T-Mobile ya Marekani mwaka 2007. Simu za iPhone zilianza kuiwezesha mwaka 2014.

4. Lango liko wapi?

Hili ndilo jambo la msingi. Lango liko kwa kampuni ya simu. Usharika unaweza kununua antena, betri na paneli za jua, lakini hauwezi kununua lango wala kulifungua. Kampuni isipotoa huduma hiyo, antena zetu zitatoa intaneti tu.

Intaneti tu nayo ina thamani. Kule Uganda, BOSCO ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu ilianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa Wi-Fi ya masafa marefu na kompyuta za umeme wa jua. Mradi kama huo unafaa, mradi watu waambiwe mapema unachofanya na usichofanya.

5. Maswali ya kuuliza kabla ya kuomba fedha

• Je, kampuni zinazotumiwa na washarika wengi zina lango la Wi-Fi? Ombeni jibu kwa maandishi.
• Je, simu za watu wetu zinaiweza? Simu nyingi za kitochi hazina Wi-Fi kabisa.
• Je, huduma za fedha zitafanya kazi? Menyu zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa reli mara nyingi hazipiti kwenye Wi-Fi hata simu ikipita. Mkulima anayelipwa fedha za vitunguu kwa simu anahitaji kujua hilo. Jaribuni kwanza.
• Je, intaneti inatosha? Simu moja huhitaji takribani kilobiti 100 kwa sekunde au pungufu. Video chache zinaweza kuziba njia ya wote.
• Nani atalipia intaneti na betri baada ya mfadhili kuondoka?
• TCRA inataka kibali gani?

Hitimisho

Katika Luka 14:28–30 Bwana wetu anazungumzia mtu anayekusudia kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Kwetu, sehemu ya hesabu hiyo ni barua kwa kampuni ya simu. Barua hiyo itangulie ombi kwa wafadhili. Nanyi wafadhili wetu, mkiletewa ombi la Wi-Fi lisilotaja lango, tafadhali ulizeni.

Ya kujadili katika kamati: (1) Katika usharika wetu, ni mahali gani mtandao wa simu haufiki, na nani anaumia zaidi? (2) Je, tunahitaji simu, intaneti, au vyote viwili? (3) Nani kati yetu ataandika barua kwa kampuni, na lini?