SOMO LA WIKI: Fidia ya ajali kazini kwa mtumishi wa halmashauri

Wiki hii, kabla ya bei za mazao, ukurasa huu unageukia upande wa pili wa soko, yaani upande wa wanaolisimamia. Kila gunia linaloingia katika soko la jumla hupita mkononi mwa mtumishi wa halmashauri. Yupo anayetoza ushuru getini, yupo anayezoa taka jioni, yupo bwana afya anayekagua nyama na dereva anayeendesha gari la taka. Wote hao hufanya kazi katikati ya malori, magunia ya lumbesa na mikokoteni.

Swali letu la leo ni moja. Mmoja wao akivunjika mguu kazini, nani analipa, analipa kiasi gani, na kwa utaratibu gani?

Wengi hujibu haraka kwamba bima ya afya italipa. Jibu hilo halitoshi. Bima ya afya inalipia dawa na kitanda cha hospitali, lakini hairudishi mshahara uliopotea wala haiwalishi watoto wa aliyefariki. Akiba ya uzeeni nayo ni jambo jingine. Kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, Tanzania Bara ina chombo chake, nacho ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maarufu kama WCF.

Mfuko ulikotoka

Kwa miaka mingi nchi ilitumia sheria ya fidia iliyotungwa wakati wa ukoloni, mwaka 1949. Viwango vyake viliachwa nyuma na thamani ya shilingi, hata ikafika mahali kiwango cha juu cha fidia hakizidi Sh. 108,000. Mtu aliyepoteza mkono aliweza kumaliza fedha hizo kwa nauli ya kuzifuatilia.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka huo. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Sheria hii inawahusu waajiri wote wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, zikiwamo halmashauri zote za wilaya, miji, manispaa na majiji.

Mchango ni wa mwajiri peke yake

Hapa ndipo wafanyakazi wengi hukosea. Mchango wa pensheni hukatwa sehemu kwenye mshahara wa mfanyakazi, naye huuona katika hati yake ya malipo. Mchango wa fidia hauonekani humo kwa sababu haukatwi kwake. Unalipwa wote na mwajiri, na ni marufuku kuurudisha kwa mfanyakazi kwa njia ya makato.

Kiwango kwa sekta ya umma ni asilimia 0.5 ya malipo ya wafanyakazi. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikapunguziwa hadi 0.6 mwaka 2021 na kufikia 0.5 mwaka 2022.

Tufanye hesabu. Mtumishi anayelipwa Sh. 400,000 kwa mwezi huchangiwa Sh. 2,000, pesa ya sahani moja kwa mama ntilie. Halmashauri yenye watumishi 200 wa mshahara huo hutoa Sh. 400,000 kwa mwezi, sawa na Sh. 4,800,000 kwa mwaka. Kwa macho ya mhasibu, hii ni gharama ndogo kuliko kesi moja ya ajali iliyoachwa bila kinga.

Nani yumo na nani hayumo

Watumishi wa halmashauri wako wa aina mbalimbali. Kuna wanaolipwa mshahara na Hazina, kama walimu, wauguzi na watendaji wa kata. Kuna wanaoajiriwa kwa mkataba na kulipwa kutokana na mapato ya ndani, wakiwamo baadhi ya watoza ushuru, walinzi na wafagizi. Kundi hili la pili ndilo la kuangaliwa sana, kwa kuwa halmashauri yenyewe ndiyo inayotakiwa kuwaorodhesha na kuwachangia. Mapato yakishuka, mkurugenzi akitafuta pa kubana matumizi, ni rahisi shilingi hizi chache kusahaulika.

Aidha, kuna wanaofanya kazi ya halmashauri bila kuwa waajiriwa wake. Mfagizi wa kampuni iliyopewa zabuni ya usafi ni mfanyakazi wa kampuni ile, hivyo wajibu wa kumchangia ni wa mzabuni. Halmashauri yenye busara huomba uthibitisho wa usajili wa WCF kabla ya kutia saini mkataba. Mpagazi anayejitafutia riziki sokoni na mwenyekiti wa kijiji aliyepigiwa kura si waajiriwa wa halmashauri, na wasijihesabu humo.

Mafao na hesabu zake

Tubaki na mtumishi wetu wa Sh. 400,000. Tuseme ni mtoza ushuru, na bodi ya lori imemwangukia akiwa zamu.

Kwanza ni matibabu. Mfuko hugharamia tiba kwa muda wa hadi miaka miwili tangu ajali, na muda huo unaweza kuongezwa ikibidi.

Pili ni malipo ya ulemavu wa muda. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa kuwa bado anajiuguza, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, yaani Sh. 280,000 kwa mwezi. Malipo haya yana kikomo cha miezi 24.

Tatu ni ulemavu wa kudumu. Daktari akiona hali haitabadilika tena, ulemavu hupimwa kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini, hulipwa fedha za mkupuo kulingana na kiwango cha ulemavu. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni kila mwezi maisha yake yote. Mwenye ulemavu wa asilimia 100 atapata Sh. 280,000 kwa mwezi, na mwenye asilimia 50 atapata nusu yake, Sh. 140,000.

Nne ni utengemao, ambao humsaidia majeruhi kurudi kazini au kujifunza kazi nyingine. Tano ni malipo ya msaidizi kwa asiyeweza kujihudumia mwenyewe.

Akifariki, Mfuko husaidia gharama za mazishi na kuwalipa wategemezi. Mjane au mgane hupata asilimia 40 ya pensheni ambayo marehemu angelipwa, nayo ni Sh. 112,000 kwa mwezi. Kila mtoto hupata asilimia 20, yaani Sh. 56,000. Mjane mwenye watoto watatu atafikisha Sh. 280,000, na hapo ndipo kilele, kwani jumla haivuki asilimia 100.

Msomaji atazame tena hesabu hiyo. Mchango ni Sh. 2,000 kwa mwezi, na kinga yake ni ya familia nzima.

Haki hupotelea wapi?

Fidia nyingi hupotea mezani, siku chache tu baada ya ajali. Mtumishi huumia, mkuu wake humwambia aende hospitali na kadi yake ya bima, na mambo yanaishia hapo. Hakuna aliyeandika chochote. Baada ya mwaka mguu unapokataa kupona, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliumia kazini.

Utaratibu ni huu. Mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri, akishapata taarifa ya ajali, anatakiwa kuipeleka kwa Mfuko ndani ya siku saba. Madai yenyewe yafunguliwe ndani ya miezi 12. Pamoja na fomu zinahitajika taarifa ya daktari, uthibitisho wa ajira na mshahara, na kama ni ajali ya barabarani, taarifa ya polisi.

Hatari kubwa iko kwa mtendaji anayetumwa kijijini kwa pikipiki bila barua wala maandishi yoyote ya safari. Akianguka njiani, swali la kwanza litakuwa kama alikuwa kazini au katika shughuli zake. Mstari mmoja katika daftari la ofisi unaweza kuwa na thamani ya pensheni ya maisha.

Magonjwa nayo yasisahauliwe. Muuguzi aliyeambukizwa wodini au mzoa taka aliyeharibiwa mapafu na vumbi ana haki sawa na aliyegongwa na lori, mradi ithibitike kwamba ugonjwa umetokana na kazi.

Asiyeridhika na uamuzi anaweza kuomba mapitio kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, kisha kukata rufaa kwa Waziri, na hatimaye kwenda Mahakama ya Kazi.

La kufanya wiki hii

Mtumishi wa mkataba amuulize afisa utumishi swali moja tu: je, jina langu limo katika orodha ya michango ya WCF, na kwa mshahara upi? Swali la mshahara ni muhimu, kwani anayechangiwa kwa Sh. 200,000 huku akilipwa Sh. 400,000 atakuja kuhangaika kuthibitisha mapato yake akiwa kitandani.

Mweka hazina naye aulinganishe mchango na orodha ya malipo kila mwezi, kama anavyolinganisha stakabadhi za ushuru na fedha iliyoingia benki. Halmashauri haiwezi kujisifu kwa mapato ya soko ikiwa aliyeyakusanya, siku ya kuumia kwake, hana pa kuegemea.